Wanaosema VETA ni ya Waliofeli, na Wengineo

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 katika shule chache, na Serikali inaendelea kujenga vyuo vya ufundi stadi vya VETA ikilenga kila wilaya iwe na chake. Tangu hapo kuna madai yanayorudiwa vijiweni na kwenye vikao vya wazazi mpaka yamezoeleka. Mengine ni ya wanaoyapinga mageuzi haya. Yanayonikera zaidi ni ya wanaoyashabikia.

"VETA ni ya waliofeli." Hili halitaki maneno mengi. Kwa miaka mingi mzazi aliulizia fomu za VETA baada ya mtoto kukosa nafasi kwingine kote. Mlango ukifunguliwa kwa waliokataliwa tu, watakaoonekana ndani ni hao hao. Sasa mwanafunzi wa amali anaanza ufundi kidato cha kwanza, huku akiendelea na Hisabati na Kiingereza. Mzazi mwenye wasiwasi akaulize kama shule ina karakana, na kama karakana ina mwalimu.

"Tulishajaribu, ikashindikana." Hapa kuna ukweli nusu. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari zetu katika miaka ya 1970 zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walitoa kitabu cha Benki ya Dunia kilicholinganisha michepuo ya Tanzania na ya Colombia, na hawakuona kwamba wahitimu wa michepuo ya hapa walikuwa na faida ya wazi kwenye ajira kuwazidi wenzao wa masomo ya kawaida. Lakini tukumbuke zama zenyewe. Waliomaliza kidato cha nne walikuwa wachache na Serikali ndiyo ilikuwa mwajiri mkuu. Aliyesoma kilimo alitafuta ofisi kama mwenzake aliyesoma historia. Leo waliomaliza kidato cha nne wamejaa mitaani na ofisi hiyo haipo. Cha kuchukua kutoka miaka ile ni tahadhari moja: somo la ufundi lisilo na uhusiano na mahali pa kazi hubaki kuwa somo la mtihani.

"Kila wilaya ikipata chuo, tatizo limekwisha." Jengo huzinduliwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Mwalimu wa kuchomelea hazinduliwi. Huyo huandaliwa kwa miaka, na tegemeo letu kubwa kwa walimu wa aina hiyo ni chuo kimoja cha Morogoro. Majengo pia hatukuanza nayo juzi. Tuna vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, vilivyoanza katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, na vingi vilikaa muda mrefu na mashine chakavu kabla ya kukumbukwa. Sipingi ujenzi. Napinga kuhesabu mabati kana kwamba ni mafundi.

"Fundi wa mtaani hana ujuzi, ana uzoefu tu." Na ndugu yake: "Fundi ni wa mtaani, VETA wanafundisha nadharia." Ninayaweka pamoja kwa sababu yote mawili husemwa na watu wasiokaa gereji hata asubuhi moja. Wangekaa wangeona. Kijana anaanza kwa kuosha vipuri kwa dizeli, kushika tochi na kukimbizwa dukani kufuata gasketi. Miezi inapita, anaruhusiwa kufungua boliti, halafu kukaza, na hapo ndipo makofi yanapotembea kwa sababu kukaza kuna kipimo chake. Baadaye sana anaachiwa kushusha giaboksi mwenyewe. Sikio lake linajua injini inayokosa moto kabla boneti haijafunguliwa. Huo ni ujuzi, tena wa kukaa. Lakini kijana huyo huyo hukata chuma kwa grenda bila miwani. Mchoro wa nyaya za gari hausomi, na gari la kisasa lenye kompyuta linamshinda kwa sababu hata bosi wake linamshinda. Mkataba hana, bima hana.

Kwa nini basi haendi chuo, wakati ada ya VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni? Kwa sababu gereji inampa hela ya kula leo.

Cheti nacho si mapambo. Muulize fundi umeme wa mtaani. Amefunga waya nusu ya mtaa, lakini kazi hiyo kisheria inataka leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, na leseni inataka cheti. Matokeo yake tunayajua: anafanya kazi, kisha anamlipa mwenye leseni amgongee muhuri, na aliyegonga hajaiona hata soketi moja. Dawa ipo na inaitwa urasimishaji. Watathmini wa VETA wanamwangalia fundi akifanya kazi, wanamhoji, anafundishwa yale aliyopungukiwa, kisha anapata cheti. Hapo ndipo ningeweka nguvu kabla ya kumwaga zege jingine.

"Tuige Ujerumani." Wapenzi wa mfumo wa uanagenzi wa Wajerumani wanasahau kilichoubeba: kampuni zinazosaini mkataba na mwanagenzi na kumlipa, pamoja na vyama vya mafundi na wafanyabiashara vyenye mamlaka kisheria ya kusimamia mitihani. Sisi kampuni za namna hiyo ni chache. Karakana yetu kubwa ni Keko, Gerezani na Buguruni za Dar es Salaam, chini ya turubai. Uanagenzi tunao tayari, tena mwingi. Haujaandikwa popote, basi.

"Waajiri hawachangii." Wanachangia. Mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa ushuru wa kuendeleza ufundi stadi, ambao Julai 2023 uliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa. Wamelalamika miaka nenda rudi kwamba sehemu kubwa yake haifiki VETA, na wana haki ya kuuliza. Swali langu ni jingine. Gereji ya fundi mmoja na vijana wanne haimo kabisa katika hesabu hiyo: hailipi, wala haipokei, ingawa inafundisha. Sehemu ya ushuru huo imlipe fundi kwa kila kijana wake anayefaulu mtihani wa ufundi stadi, na alipwe matokeo yakitoka, si kabla. Akijua kufaulu kwa kijana kuna pesa, hatamtuma chai mchana kutwa.