Msimlaumu Mama kwa Taa: Israfu Imo Mfukoni mwa Baba

Imekuwa ada katika miji yetu kwamba gharama za maisha zikipanda, baba wa nyumba hugeuka mkaguzi. Huingia usiku akizima taa na kufoka kuwa umeme unateketea. Asubuhi huacha juu ya meza fedha ya kula ya siku hiyo tu, akatoka akiamini kuwa amesimamia nyumba barabara. Sisi twasema kuwa amezuia tone na kuacha mtungi unavuja.

Na tuanze na hiyo taa. Taa ya kisasa ya wati 9 ikiachwa ikiwaka bure saa mbili kila usiku, kwa siku 30 hutumia wati-saa 540, yaani nusu uniti na ushei. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Basi ugomvi wote wa mwezi mzima ni shilingi 54! Hatusemi taa ziachwe zikiwaka. Twasema kila jambo lipewe kadiri yake. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja huweza kula hadi uniti nzima, na aghalabu shati linalopigwa pasi ni la huyo huyo mkaguzi.

Sasa tutazame fedha ya siku. Mama aliyepewa fedha ya siku hana budi kununua kwa vipimo: mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande. Tufanye mfano wa hesabu. Lita ya mafuta iwe shilingi 6,000, na kipimo cha sehemu ya kumi ya lita kiuzwe shilingi 700. Anayenunua kipimo kimoja kila siku, kwa mwezi hupata lita tatu kwa shilingi 21,000. Jirani yake aliyenunua lita zile zile kwa pamoja ametoa 18,000. Zimepotea 3,000 katika mafuta peke yake, na bado hatujafika kwenye mkaa. Asiyeamini na apime makopo yanayotoka katika gunia moja, ajumlishe bei zake, kisha aulize bei ya gunia zima.

Ni nani basi mbadhirifu? Je, ni mama aliyesahau taa, au ni yule aliyemfunga mikono asiweze kununua ila kwa bei ya juu?

Wapo watakaojibu: "Nikimpa ya mwezi, ataimaliza kwa vitenge na upatu." Hoja hii ni dhaifu. Mtu unayemwamini kulea watoto wako na kulinda nyumba yako, vipi umwogope kwa debe la mchele? Tena upatu wenyewe ni dalili kwamba anajua kuweka akiba kuliko wewe, kwani huudunduliza kutokana na masalio ya hicho kidogo ulichoacha mezani.

Ama wale wasemao, "Mimi ni kibarua, napata siku kwa siku," hao wana udhuru wa kweli, wala hatuwadhihaki. Lakini udhuru huo haufungi mlango wote. Na aanze na kitu kimoja. Atenge kidogo kila siku mpaka anunue dumu la mafuta, na fedha aliyokuwa akitoa kwa vipimo aielekeze kwenye mchele, kisha mkaa. Majirani watatu wanaweza kuchangia gunia moja wakaligawana. Maharage yakilowekwa usiku kucha na sufuria ikafunikwa, moto utakaotumika utapungua.

Lakini wewe mwenye mshahara wa kila mwezi huna udhuru. Fedha unayoilipwa kwa pamoja unaitoa kwa matone kwa sababu moja tu: wapenda kuombwa. Raha hiyo ya kuombwa kila asubuhi inalipiwa, na wanaoilipia ni watoto wako, kwa chakula kilichopungua sahanini.

Basi mshahara ujao ukiingia, kaa na mkeo, andikeni mahitaji ya mwezi, mkanunue kwa pamoja. Baada ya hapo, ukiikuta taa inawaka bure, izime kwa mkono wako, na ulimi wako uupumzishe.