Sailensa Yako ya Kwanza ni ya Nduthi, Si ya Bunduki

Wasee, wiki hii simu yangu imejaa video za Wamarekani wakichagua sailensa yao ya kwanza ya bunduki. Mmoja anapima urefu, mwingine anapima uzito. Nikiwa hapo, nduthi ikapita nje ikilipuka pa! pa! pa! Mathe akaangusha sufuria.

Tuelewane mapema: hapa Kenya hiyo ya bunduki sahau. Sheria ya silaha, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa silaha yenyewe. Halafu sinema zinatudanganya. Bunduki kubwa inapiga karibu desibeli 160, na sailensa inatoa kama 30 hivi. Bado ni mlio wa kukutoa kitandani.

Aliyeileta sokoni ni Hiram Percy Maxim, aliyepewa hataza Marekani mwaka wa 1909. Inafanya kazi kama ile ya nduthi: gesi moto inapitishwa kwa vyumba vidogo, inapanuka, inapoa, inatoka bila kishindo. Babake ndiye aliunda bunduki ya Maxim, ile wakoloni walikuja nayo huku. Huyo mzee alizeeka akiwa kiziwi, na milio ya bunduki zake ilichangia.

Sasa nikiri. Nilipoacha chuo niliendesha nduthi ya kukodisha, na nikalipa fundi atoe matumbo yote ya sailensa. Nilijiona rubani. Nilikuwa nazima na kuwasha swichi nikiteremka, petroli ambayo haijaungua inalipukia ndani ya bomba, watoto wanashangilia.

Usiku wa Juni 25, 2024, siku ile vijana walipigwa risasi tao, nilipita hapa Shauri Moyo nikifanya hivyo hivyo. Kona ikawa tupu ghafla. Mama wa chapo alikuwa amelala chini ya meza yake, mikono kichwani. Kijana wake alikuwa hajarudi kutoka maandamano. Nilizima, nikamwambia, "Mama, ni mimi." Hakunijibu. Kijana alirudi saa nne, mzima, lakini mimi ndiye nilikuwa nimemzika kwa kichwa cha mamake kabla hajafika.

Watu watasema ni raha ya ujana, mtaa una kelele tayari. Sawa. Lakini matatu ikipiga ngoma, hakuna anayelala chini. Mlipuko unaofanana na risasi si kelele ya kawaida kwa watu waliosikia risasi. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinataka desibeli 35 nje ya makazi usiku. Hatufiki hapo, lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo.

Basi ukichagua, sailensa bora ni ile pikipiki ilikuja nayo. Ikioza, tafuta yenye vyumba ndani. Itikise: ikilia kama njuga, vibati vimevunjika. Hakikisha kiungo cha injini hakivuji. Na usidanganywe kuhusu nguvu, injini ya sisi 150 haigeuki ndege kwa sababu umetoboa bomba.

Mimi niliirudisha kwa pesa yangu, na ilinikula faida ya siku tatu. Mama chapo bado ananiuzia. Siku hizi nikifika napiga honi ndogo kwanza, ajue ni mimi.