Ukili Mkononi, Mtoto Magotini



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi mama zetu na dada zetu, na nyinyi waume mnaosomewa ukurasa huu baada ya chakula cha usiku, wiki hii tuzungumze juu ya jambo la nyumbani linaloonekana dogo, ilhali limeleta machozi katika nyumba nyingi. Nalo ni kazi ya mkono ya mama, na watoto wanaoiharibu.

Kuanzia Vanga hadi Kiunga, hakukosekani mtaani mwanamke mwenye kazi yake. Huyu anasuka ukili, yule anadarizi kofia, wa tatu ana cherehani ya kushonea madera, na wa nne hutunga asumini na vikuba pakiwa na harusi. Wengi wao ni mama wa watoto wadogo, na mtoto mdogo hajui thamani ya kitu. Kofia iliyodariziwa kwa mwezi mzima humwagiwa sharubati kwa dakika moja. Ukili uliokunjwa vizuri huonekana kuwa kamba nzuri ya kuvutia gari la makopo. Kitambaa kilichokwisha kuchorwa maua hukatwa kwa mkasi kikawa nguo ya mwanasesere. Mama hupiga kelele, mkono humtoka, mtoto hulia, na jioni ile kazi hufungiwa sandukuni kwa neno moja: "Basi, mpaka wakue."

Nao hukua. Lakini wakishakua, macho ya mama hayalioni tena tundu la sindano, na binti yake ametimia miaka kumi na minane bila kumwona mama akishona. Hapo zimeingia hasara tatu kwa pamoja: riziki imekatika, ufundi umekosa mrithi, na mama amebaki na uchungu moyoni, akiona kwamba watoto ndio waliompokonya kazi yake. Hasara hiyo ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, kwani mtoto huijua hata asipoambiwa.

Basi tujiulize: je, ni kweli kwamba kazi ya mkono na malezi haviwezi kukaa chini ya paa moja? Tuangalie mwendo wa wale waliotutangulia.

Bibi Rubayyi' binti Muawwidh, mwanamke wa Kiansari, radhiya Llahu anha, amesimulia habari za funga ya Ashura, nazo zimo katika vitabu vya Imamu Bukhari na Imamu Muslim. Ameeleza kuwa walikuwa wakiifunga siku hiyo na kuwafungisha watoto wao, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto alipolilia chakula walimpa kile cha kuchezea, akashughulika nacho mpaka ukafika wakati wa kufuturu.

Mama wale walikuwa na yote yanayotushughulisha sisi leo: ibada ya kutimiza, njaa yao wenyewe, watoto wenye kulia na siku ndefu. Wakachukua sufu, mikono yao ikafanya kazi, na kazi ile ikawa ndiyo malezi. Ibada, ufundi na utoto vilikutana katika kipande kimoja cha sufu. Tena sufu ile ilikuwa tayari kabla ya kilio, maana mama mwenye busara hangoji mtoto alie ndipo aanze kutafuta cha kumliwaza.

Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, naye alikuwa na wanasesere wake. Katika kitabu cha Abu Daud imesimuliwa kuwa miongoni mwao mlikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akamuuliza iwapo farasi huwa na mbawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha habari waliyoisikia, kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Basi mama unayeshona, vile vipande vinavyoanguka chini ya cherehani usiviharakishie ufagio. Mtilie mtoto katika kikapu chake, umwambie, "Hivi ni vyako, na hiki ni cha mama." Mtoto mwenye vitambaa vyake mwenyewe hutamani kidogo vya mwenziwe.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na mwendo kama huo. Baada ya magharibi mama aliketi uani na ukili wake, mtoto akashika ncha ya pili, na mama akaita "Paukwa!" watoto wakaitika "Pakawa!" Hadithi ikaenda na ukili ukaenda, na hadithi ilipokwisha pima mbili za ukili zilikuwa zimesukwa. Vikafuata vitendawili, na kila aliyeshindwa akatoa mji. Mchana watoto walisuka saa, miwani na vipepeo kwa majani ya mnazi, na wavulana wakachonga mashua za vifuu na kuzitweka matanga ya matambara. Mikono ilizoea kazi tangu utotoni bila mtu kufundishwa kwa fimbo. Leo saa hiyo ya baada ya magharibi imechukuliwa na simu, ya mama na ya mtoto pia, na ni rahisi kuirudisha kuliko tunavyodhani. Siku mbili kwa wiki zatosha kuanzia.

Sasa tuje kwenye namna ya kutenda, maana mawaidha yasiyo na njia humwongezea mama mzigo.

Kwanza, kila kazi ipewe saa yake. Kusuka ukili ni rafiki wa mama mwenye mtoto mchanga. Miyaa ikishakaushwa, ikachanwa na kuloweshwa kidogo ili ilainike, mama husuka hali ameketi, mtoto magotini. Mtoto akilia huuweka chini, akamnyonyesha, kisha akauokota pale pale alipouacha, wala hakuna kilichoharibika. Kofia haiko hivyo. Kofia ina vitobo vidogo vidogo vya kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, nayo yataka mwanga, mikono misafi na jicho lililotulia. Saa yake ni ile watoto waliyo skuli asubuhi, au alasiri wakiwa chuoni. Na kutia rangi miyaa kusifanywe kabisa watoto wakiwa nyumbani, kwa kuwa sufuria ya maji yanayochemka haina msamaha. Sindano nazo zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, zichomekwe katika mto wake, na mkasi utundikwe juu. Kujikinga na madhara ni katika sheria yetu, na mtoto ni amana.

Pili, mtoto apewe sehemu yake katika kazi. Wa miaka minne anaweza kupambanua miyaa myekundu na mieusi. Wa miaka saba anaweza kusuka ukili mwembamba wa kufanyia kipepeo, hata ukiwa na mapengo. Wa miaka kumi ana macho mazuri kuliko ya mama yake, basi na amtungie uzi sindanoni. Wala msiwatoe wavulana. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na katika mapokezi mengine imekuja kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na ni nani katika ufuo wetu asiyewajua wavuvi wanaoshona nyavu? Sindano haijapata kumpunguzia mwanamume heshima yake.

Tatu, mama aridhike na kichache cha kila siku. Mtume ametufundisha kuwa amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu ijapokuwa ni chache. Shibiri moja ya ukili kila siku baada ya alfajiri ni bora kuliko pima kumi za siku moja zinazofuatwa na mwezi mzima wa kukata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, na hapa ndipo penye mtihani, ni siku ile kazi itakapoharibika. Itaharibika tu, hata ukijihadhari vipi. Siku hiyo mama akumbuke mambo mawili. La kwanza, kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Aliyemwaga sharubati ana miaka mitatu, wala hakukusudia kukukatia riziki. Bibi Ummu Qays binti Mihsan alimleta kwa Mtume mwanawe mchanga ambaye hajaanza kula chakula, Mtume akampakata, mtoto akamkojolea nguoni. Mtume aliagiza maji akayamimina pale, bila ya zaidi. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia miaka kumi tangu utotoni mwake, ameshuhudia kuwa hakuwahi kuambiwa hata "uff". Kumfunza mtoto kwamba kitu cha mama hakiguswi ni wajibu, lakini afunzwe hasira ikishapoa. Mama aliyekasirika akiwa amesimama na akae, akatie udhu, kisha ndipo aseme na mwanawe.

La pili linahusu mwenye mali. Ikiwa kitambaa kilichokatwa ni cha mteja, mteja aambiwe ukweli siku hiyo hiyo, asifichwe wala asizungushwe kwa "njoo kesho". Tunayo mfano katika nyumba ya Mtume mwenyewe. Bakuli la chakula lililotumwa na mmoja katika wakeze lilivunjwa nyumbani kwa mke mwengine. Mtume alikusanya vipande, akakusanya na chakula, akawatulizia waliokuwapo kwa neno la kumtetea aliyevunja, kisha akatoa bakuli zima likapelekwa kwa yule aliyevunjiwa lake. Upole ulikuwapo, na haki pia ikalipwa. Basi tumhurumie mtoto na tusimdhulumu mteja. Na ili aibu hii ipungue, mama mwenye watoto wadogo asipokee kofia nyingi kwa ahadi ya siku ya Idd. Kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki, na kofia moja iliyotimizwa ni bora kuliko nne zilizoahidiwa.

Neno langu la mwisho ni kwenu, akina baba. Mama hawezi kupata saa moja ya kazi ikiwa mume, akirudi kutoka msikitini, hukaa barazani hadi isha huku watoto watano wakimzunguka mkewe. Wachukue. Nenda nao ufuoni, au wasikilize sura walizohifadhi, au wapakate tu. Mtume alimbeba mjukuu wake Umama hali anaswali, akimweka chini akisujudu na kumbeba tena akisimama. Wewe huombwi kumbeba ndani ya swala. Waombwa kumbeba baada yake.

Tena msikilize vyema jambo hili, kwani malalamiko yake ni mengi. Pesa za kofia au mkeka ni mali ya mke. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratun Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Nafaka ya nyumba ingali juu ya mume, hata kama mke ameuza mikeka kumi. Akitoa kwa ridhaa yake kusaidia unga na karo, hiyo ni sadaka na wema wake, naye ashukuriwe. Mume aambiaye "wewe sasa wauza kofia, jilipie" ametupa wajibu wake kwa mtu asiyekuwa nao. Na mama naye, Mwenyezi Mungu akimjaalia chumo, amkumbuke Bibi Zainab binti Jahsh, mkewe Mtume, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka, hata ikafahamika baada ya kufa kwake kuwa yeye ndiye aliyekusudiwa Mtume aliposema juu ya mwenye mkono mrefu zaidi miongoni mwao.

Basi wiki hii, enyi mama, lifungueni lile sanduku. Itoeni ile kazi iliyolala, muikung'ute vumbi, na mumpe kila mtoto kipande chake kabla hajaulizia. Mkipata shibiri moja kwa siku mmepata. Na mwana akiuvuta ukili kwa upande wake, mvumilieni. Huenda ndiye atakayeushona mkeka huo mikono yenu itakapochoka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono ya mama zetu, awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho, na atupe subira katika nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.