Uliza Kwanza, Kisha Toa



Wapenzi wasomaji, mama zetu, dada zetu na watoto wetu, baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), juma hili napenda tuzungumze juu ya watu wasio na makaazi, na wajibu wa kuzijua hali zao kabla ya kuwapelekea sadaka.

Mwezi wa Julai nilikwenda Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kumzuru binti wa dada yangu aliyeolewa huko. Jamaa zetu kadhaa wa pwani siku hizi wanaishi pande hizo kwa ajili ya kazi za Nairobi na viwanda vya Athi River. Sisi tuliozoea joto la bahari hatuujui ubaridi wa nyanda zile. Nilipotoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, nilikuta watu wamelala kwenye baraza za maduka kando ya barabara ya Namanga, wamejifunika magunia na maboksi. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja na watoto wawili. Nikarudi nyumbani, nikaomba blanketi, nikampelekea.

Mama yule alinishukuru kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mzee, mchana nitaliweka wapi?"

Akanieleza kwamba blanketi lake la kwanza liliibwa alipokwenda kufanya kibarua cha kufua nguo, na la pili lilizolewa pamoja na taka asubuhi moja. Alichohitaji zaidi ni pahala pa kuhifadhi vitu vyake hadi jioni, apate kwenda kazini bila ya kubeba mzigo na watoto kwa pamoja. Haja yake ya pili ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mkubwa, ili aandikishwe shule. Niliona haya. Baridi ilikuwepo kweli, lakini sikuwa nimemuuliza lolote. Nilijiamulia mwenyewe shida yake, nikampa dawa ya shida niliyoichagua mimi.

Ndugu zangu, tusidhani hili ni jambo la watu wa bara. Hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa na serikali mwaka 2018 ilipata watu 46,639 katika Kenya nzima. Nairobi ilikuwa na 15,337, na ya pili yake ilikuwa Mombasa yetu, yenye watu 7,529. Hesabu kama hiyo ina faida kubwa, kwani hutuonyesha ukubwa wa msiba. Lakini haitwambii huyu aliyelala mbele ya duka letu amefikaje hapo, wala anahitaji nini ili aondoke.

Tuitazame Kajiado yenyewe. Kitengela imekua upesi kwa watu wanaotafuta kazi na nyumba za kodi. Mtu akikosa kibarua mwezi mmoja, miezi miwili, mlango hutiwa kufuli, na vyombo hubaki ndani. Ukishuka kusini kiasi cha kilomita 50 unafika mji wa Kajiado, katikati ya nchi ya wafugaji. Huko, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wengi wakafa. Mfugaji aliyebakiwa na fimbo tu huenda mjini kutafuta riziki ya siku.

Sasa waweke watu hawa kwenye baraza moja usiku. Mfugaji ana jamaa na pengine ana ardhi. Haja yake ni mbuzi wachache wa kuanzia. Aliyefungiwa mlango anahitaji kodi ya mwezi mmoja na kazi. Mtoto aliyekimbia kipigo anahitaji usalama kwanza, na kumrudisha kwao kwa haraka huenda kukawa ni kumdhulumu mara ya pili. Kijana aliyezoea kunusa gundi anahitaji matibabu na mtu wa kumvumilia. Ukiwapa wote sahani ya pilau, umewalisha usiku mmoja, na thawabu yako iko kwa Mola. Lakini kesho utawakuta pale pale.

Dini yetu haikutuacha bila mfano. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina palikuwa na baraza iliyoezekwa, wakikaa hapo Ahlu-Suffa, watu wasiokuwa na nyumba, mali wala jamaa wa kuwategemea. Mtume aliwajua, akiwagawia hidaya zilizomfikia, na Maswahaba wakiwachukua majumbani mwao kula nao. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira (R.A.), ambaye hapana Swahaba aliyepokea na kusimulia Hadithi nyingi kumshinda. Na imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), naye ni Khalifa, alikuwa akizunguka usiku ili azijue hali za raia. Usiku mmoja alimkuta mama anawapumbaza watoto wenye njaa kwa sufuria isiyo na chakula, akaenda akaubeba unga mgongoni mwake mwenyewe. Aliuliza kwanza, ndipo akabeba.

Tena Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, inatufundisha kwamba wapo mafakiri ambao asiyewajua hudhani wamejitosheleza, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Hao hawaji mlangoni, basi ni juu yetu kuwaendea.

Kwa hiyo, vikundi vya akina mama vinavyojiandaa kutoa sadaka, nawausieni haya. Nendeni wawili wawili, mwanamke amuulize mwanamke mwenziwe. Anzeni kwa salamu, mkae chini alipokaa yeye. Ulizeni: usiku uliopita ulilala wapi? Nani anaumwa? Una kitambulisho? Watoto wana vyeti? Una jamaa wapi? Kisha ulizeni: wewe mwenyewe unaona nini kitakufaa kwanza? Msiwapige picha, kwa kuwa stara ya maskini ni sawa na stara yenu. Msiahidi msichokiweza. Mliyoambiwa ni amana. Yasiwe mazungumzo ya arusini. Mkimkuta mtoto aliye hatarini, ipigieni simu namba 116 ya msaada wa watoto, isiyo na malipo, au mwende kwa afisa wa watoto.

Na msisahau kwamba mafakiri, maskini na msafiri aliyekatikiwa na njia wametajwa miongoni mwa wanaostahiki Zaka. Kuwatafuta ni sehemu ya kuitoa vyema.

Ama mama yule wa Kitengela, binti wa dada yangu amempa pembe ya stoo yake. Kila asubuhi huacha furushi lake hapo, jioni hulichukua. Cheti bado hakijapatikana, maana mtoto alizaliwa nyumbani, na safari za kwenda kwa chifu zinaendelea. Mpwa wangu ndiye anayemsindikiza. Aliniambia kwa simu kwamba siku ya kwanza aliona haya kutembea naye barabarani, na sasa anaona haya kwa kuwa aliona haya.

Mola atujaalie macho ya kuwaona, ulimi wa kuwauliza na mikono ya kuwatimizia. Amin.

Wabillahi tawfiq.