Mahali pa Kuzeekea

Kila mtu hutamani uzee wa raha. Aliyefanya kazi miaka arobaini ana haki ya kutafuta mahali penye utulivu, hewa safi na gharama anayoimudu. Hapana ubaya wowote mzee wa Ulaya akichoshwa na baridi ya kwao, akaja kupumzika katika jua la pwani yetu. Kwa hiyo shutuma yangu haimwelekei yeye. Yatuelekea sisi tumwuziao.

Utazameni ufuo wa Bofa, hapa Kilifi. Mchanga wake ni mweupe, maji yake yamekingwa na miamba ya matumbawe, na kusi na kaskazi hupokezana zamu kuuburudisha. Ni nani asiyetamani kuzeeka mahali kama hapa? Waingereza walipapenda mapema. Waitaliano wakafuata, hasa upande wa Malindi, ambako karibu yake nchi yao ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Leo nyumba za wastaafu wa mataifa mbalimbali zimepangana juu ya fukwe zetu.

Mgeni huyo hakuja kwa kubahatisha. Kabla ya kufunga mizigo alijiuliza: Je, pensheni yangu itatosha? Hospitali iko umbali gani? Sheria ya nchi ile yasemaje? Kanuni za uhamiaji za mwaka 2012 zilimtaka mtu wa namna yake, akaaye bila kuajiriwa, awe ametimiza miaka 35 na awe na pato la uhakika lisilopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Sasa linganisheni. Mpango wa Inua Jamii, ulipofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, uliwaahidi shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani shilingi 24,000 kwa mwaka. Tarakimu ni zile zile, lakini thamani zake zimeachana kama mbingu na ardhi. Wawili hawa wakikutana juu ya kiwanja kimoja, ni yupi atakayebaki ufuoni?

Hata hivyo, mzee wetu si fukara. Anayo minazi, mikorosho, miembe na shamba la muhogo. Hiyo ndiyo pensheni yake, nayo haikuandikwa katika daftari la ofisi yoyote. Akiliuza shamba, fedha hugawanywa: huyu pikipiki, yule harusi, wa tatu mabati. Pikipiki huchakaa, harusi husahauliwa, mabati hushika kutu. Mgeni alichagua mahali pa kuzeekea kabla uzee haujamfika. Sisi twauza mahali petu pa kuzeekea kabla uzee haujatufika. Katika biashara hii, mwenye busara ni yupi?

Wako wasemao kwamba mgeni huleta kazi. Ni kweli. Mpishi, fundi, mlinzi na mtunza bustani hupata riziki kwake, na kazi ya halali haina aibu. Lakini mshahara wa mlinzi hukoma siku nguvu zake zikomapo, na mwajiri aweza kufa au kurejea kwao. Mtu aliyeuza shamba akapata kazi ya kulilinda lango lake amebadili urithi wa vizazi kwa ujira wa mwezi.

Wengine husema, “Shamba ni lake, na auze apendavyo.” Hawa wamesahau historia. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria iliyowataka watu wa ukanda wa pwani walete madai ya ardhi zao. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi hawakuwa na habari wala karatasi, wakageuzwa maskwota juu ya udongo walioulima. Wao walipokonywa kwa kalamu ya mwingine. Sisi tukipotewa kwa kalamu yetu wenyewe, tutamlaumu nani?

Dawa ipo, na Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kuonyesha njia. Ibara ya 65 husema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda wake usizidi miaka 99. Ibara ya 62 huhesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa mali ya umma. Kwa hiyo hapana ukuta uwezao kuufanya ufuo huo kuwa wa mtu mmoja. Ikiwa sheria yenyewe humpa mgeni upangaji, kwa nini mwenyeji akimbilie kuuza? Na akodishe, tena si lazima kwa miaka 99. Mkataba wa miaka michache, ulioandikwa mbele ya wakili, wenye kodi ipandayo kila baada ya muda, humpa mgeni kivuli cha uzee wake, na humwachia mjukuu wa mwenyeji shamba la babu yake.

Vijana, siku moja mtaitwa katika baraza la jamaa, kwa kuwa ninyi ndio msomao, nanyi mtapewa karatasi ili mwasomee wazee. Msisome bei peke yake. Ulizeni: Mama atalima wapi? Wadogo zetu watajenga wapi? Sisi wenyewe tutazeekea wapi? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni na akaribishwe, apewe kiti na maji ya dafu. Lakini hati ya shamba na ibaki sandukuni.