JUA LA MUNGU, BEI YA WAKUBWA

Msomaji wetu, wewe fundi unayebeba ngazi na paneli kutoka Umoja hadi Kitengela, leo tunaongea na wewe.

Tuanzie mbali kidogo, jimbo la Nevada huko Marekani, maana yaliyowapata vijana wa kule yanaweza kukupata hata wewe. Wenye nyumba walihimizwa kuweka paneli. Stima iliyowabakia mchana iliingia kwenye nyaya za kampuni ya NV Energy, nao wakahesabiwa yapata senti 11 za dola kwa uniti, karibu sawa na bei waliyonunulia. Watu wakakopa, wakaweka. Kampuni ikaanza kulia kwamba inaumizwa. Kampuni yenyewe si maskini, ni mali ya Berkshire Hathaway, himaya ya bilionea Warren Buffett!

Desemba 2015, siku chache kabla ya Krismasi, makamishna watatu wa tume inayosimamia bei wakakata shauri kwa kauli moja. Malipo ya uniti yashuke hatua kwa hatua hadi senti 2.6. Ada ya kila mwezi, uwashe taa usiwashe, ipande kutoka dola 12.75 hadi 38.51. Na kibaya zaidi, amri hiyo iwashike hata wale waliokwisha kuweka paneli zao. Yaani mmepatana bei, mtu ameshajenga, halafu mwenye mizani anabadilisha mawe! Kampuni ya SolarCity ikafunga kazi huko na wafanyakazi zaidi ya 550 wakatimuliwa. Buffett hakulala njaa. Waliolala njaa ni wapanda mapaa kama wewe.

Wananchi hawakunyamaza. Waliandamana, wakaenda mahakamani, na Septemba 2016 tume ile ile ikakubali wateja wa zamani wabaki na masharti yao ya awali kwa miaka 20. Juni 2017 Gavana Brian Sandoval akatia sahihi sheria iliyorudisha malipo karibu na bei ya kununulia.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, ilimruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati moja kubadilishana stima na kampuni. Tukangoja. Kanuni zikatoka 2024. Zinasemaje? Ingiza uniti mbili, uhesabiwe moja. Nusu! Na uniti hiyo hiyo inauzwa kwa jirani yako kwa bei kamili.

Kenya Power ina hoja, nasi hatutaificha. Jua likizama, mwenye paneli anarudi kwenye nyaya na transfoma zile zile. Asipozilipia, mzigo unamwangukia mpangaji wa chumba kimoja, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili ndio wapangaji wenyewe. Haya, nyaya zilipiwe. Lakini kwa nini nusu? Kwa nini si robo, au thuluthi? Tunataka hesabu hiyo ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya stima, kwa Kiswahili, shilingi kwa shilingi, tuone nyaya zinakula ngapi na wakubwa wanakula ngapi.

Na refa ni nani? Ni EPRA. Serikali inashika asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayoteua wakuu wa EPRA. Mpira gani huu, refa anachaguliwa na mwenye timu?

Swali letu kwa EPRA ni moja tu. Mtu akiunganishwa leo kwa nusu hiyo, kesho mkiamua iwe robo, atashikwa naye? Wa Nevada walipewa miaka 20 baada ya kupiga kelele. Sisi tunaitaka miaka hiyo kwa maandishi sasa, kabla ya mtu kukopa.

Nawe fundi, kabla hujapanda paa lingine, mwambie mwenye nyumba aulize swali hilo kwa barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki na nakala.