Daftari la Wiki: Hatamu Ina Ncha Mbili

Kushika hatamu

Kwenye benchi la kahawa hapa Chumbageni, Tanga, mazungumzo ya wiki hii yalikuwa juu ya kikundi cha kuweka na kukopa kilichopata mwenyekiti mpya. Mzee mmoja akakata shauri: "Basi, hatamu kashika yeye, tumwache afanye kazi." Kijana aliyekuwa akimimina kahawa akauliza, "Babu, hatamu ndiyo nini hasa?" Mzee akaweka kikombe chini, akavuta mkanda wa mkoba wake na kuuzungushia kiganjani. Akamweleza kuwa ni kamba au mkanda anaofungwa farasi, punda au ngamia ili aongozwe. Kile chuma kinachopita kinywani mwa mnyama kina jina lake: lijamu.

Kwa waliokua miaka ya sabini na themanini, neno hatamu halitengani na siasa. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1975 yaliipa TANU kauli ya mwisho juu ya vyombo vya dola. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, na chama kipya kikaendelea na msimamo uleule. "Chama kushika hatamu" ilisikika redioni, mikutanoni na madarasani mpaka watoto wakaikariri. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, msimamo huo ukaondoka kwenye Katiba. Neno halikuondoka. Leo kocha anashika hatamu za timu, mwalimu mkuu anashika hatamu za shule, na mama anashika hatamu za kikoba.

Napenda neno hili lidumu, lakini lidumu na maana yake kamili. Hatamu ina ncha mbili: moja mkononi mwa mpandaji, nyingine kinywani mwa mnyama. Mpandaji stadi hushika kwa wepesi, mnyama akasikia na kugeuka. Anayevuta kwa nguvu kila mara huchana midomo ya mnyama, na mnyama huyo mwishowe huzoea maumivu, asimsikie tena.

Telki, matiti, shoti

Kiswahili kina majina ya mwendo wa mnyama ambayo vijana wengi hawajapata kuyasikia. Punda anayetembea upesi bila kukimbia huenda telki. Akianza kukimbia kwa mwendo wa kudundadunda, huenda matiti. Farasi akifunguka mbio zote, huenda shoti. Siku hizi ukitaja shoti, watu hufikiria hitilafu ya umeme au pesa iliyopungua kwenye hesabu za konda wa daladala.

Tandiko limepata bahati zaidi. Punda hutandikwa, kitanda hutandikwa, na mtoto mtundu wa zamani alitandikwa bakora. Walimu wa Kiswahili wa hapa Tanga, mji aliofia mshairi Shaaban Robert mwaka 1962, wangefanya jambo jema kuyafufua maneno haya darasani, kila moja na mwendo wake.

Farasi waliopanda jahazi

Mtu anaweza kuuliza: sisi watu wa pwani tulijulia wapi habari za farasi? Bara, mbung'o na magonjwa viliwamaliza farasi kabla hawajazaana. Waliofika pwani waliletwa kwa vyombo kutoka Arabuni, wakawa mali ya watawala na matajiri. Mtu wa kawaida aliwapanda kwa masikio. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umejaa vita vya wapanda farasi. Na kila usiku wa tarehe 27 Rajabu, misikiti yetu husimulia safari ya Mtume juu ya mnyama aitwaye Buraki. Hivyo ndivyo farasi alivyoingia kwenye methali za watu ambao wengi wao hawakuwahi kumgusa.

Methali ninayoiona ina kazi kubwa leo ni hii: mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wapo viongozi wa vikundi wanaotaka kuwa wakopeshaji na wakaguzi wa hesabu zilezile. Wajumbe wasingoje msamba upasuke. Wawaombe wachague farasi mmoja mapema.

Farasi kumi na tano baharini

Kwenye mwalo wa Deep Sea, wavuvi huulizana nguvu za injini kwa kuhesabu farasi. James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, ndiye aliyeeneza kipimo hicho ili wanunuzi wa injini za mvuke waelewe mashine moja inafanya kazi ya farasi wangapi. Nguvu farasi moja ni kama wati 746, kwa hiyo injini ya farasi 15 ina karibu kilowati 11. Mashine imechukua mzigo, lakini sifa bado imebaki kwa mnyama.

Punda

Punda hakupata heshima hiyo. Tunasema punda afe mzigo ufike, na magazeti huita "punda" mtu anayebebeshwa dawa za kulevya. Nenda Handeni uone punda halisi: mama wa Kimaasai anawatangulia asubuhi, madumu ya maji yamefungwa ubavu huu na huu, nao wanajua njia kuliko mgeni yeyote. Punda mmoja akifa, madumu yale huhamia kichwani na mgongoni mwa mama na binti zake.

Ndiyo maana biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilitisha vijiji vingi vya Afrika. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo ni wa haki, na unahitaji macho ya wanakijiji ili ufanye kazi.

Kwa wenye punda: punguzeni mzigo, na kagueni mgongo kila mnapofungua tandiko. Kwa wenye vyeo, kuanzia kikoba hadi serikali ya mtaa: itisheni mkutano, someni mapato na matumizi mbele ya watu, mpokee maswali. Aliyepewa hatamu amepewa kazi ya kusikiliza kwanza.